Viashiria vya mkojo: vinaweza kuonyesha kama dawa za vidonda vya tumbo zimefanya kazi?

Mama muuza ndizi wa soko la Kiboriloni, Moshi, amemaliza dozi yake ya siku 14 ya dawa za vidonda vya tumbo. Tumbo limetulia, anakula vizuri. Lakini je, bakteria waliosababisha vidonda wamekufa, au wamenyamaza tu? Kuacha kuumwa si ushahidi wa kutosha, ndiyo maana hutafutwa kiashiria: kitu kinachopimika mwilini, ambacho kiwango chake hueleza hali ya ugonjwa. Sukari kwenye mkojo ni kiashiria. Mistari miwili ya kipimo cha mimba pia.

Bakteria Helicobacter pylori husababisha uvimbe kwenye utando wa ndani wa tumbo, na vidonda vingi huanzia hapo. Mkojo unaweza kubeba dalili zake za aina mbili.

Aina ya kwanza ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu. Kiasi kidogo hupenya kwenye figo na kutoka na mkojo, na Japani vipo vipimo vya namna hiyo. Ila kingamwili hudumu miezi mingi hata baada ya bakteria kuisha. Tope barabarani linakuambia mvua imenyesha, halikuambii kama bado inanyesha. Tatizo ni lile lile kwa kipimo cha tone la damu kinachotafuta kingamwili: mtu kapona, anapima tena, mstari wa pili unatokea, anaandikiwa antibaiotiki upya. Inaniuma sana, kwa sababu dawa zisizohitajika huwazoesha bakteria, na siku atakapougua kweli hazitamsaidia.

Aina ya pili ndiyo inayowavutia watafiti: molekuli ndogo zinazotokana na kazi za kila siku za seli na bakteria. Mkojo huchukuliwa kabla ya dawa na baada yake, kisha hulinganishwa. Kwa kuwa aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, matokeo hurekebishwa kwa kuangalia kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo kwa kiwango kisichobadilika sana. Ugumu hauishii hapo. Antibaiotiki huvuruga pia bakteria wengine wa utumbo, na mgonjwa aliyeambiwa aache mbege na pilipili amebadilisha chakula. Mkojo utabadilika hata kama H. pylori bado yupo. Kiashiria cha kuaminika ni kile kinachoshuka kwa aliyepona na kubaki juu kwa ambaye dawa zimemshinda, hata kama wote wawili walimeza dawa zile zile. Kwa sasa, mkojo haujawa kipimo cha kawaida cha kuthibitisha kupona.

Vinavyokubalika ni kipimo cha pumzi na cha antijeni (chembe za bakteria wenyewe) kwenye choo, yaani kinyesi. Ukiwa Arusha au Moshi, muulize daktari ni kipi kinapatikana karibu, hasa cha choo, maana unapeleka kikopo tu. Subiri angalau wiki 4 tangu umalize antibaiotiki. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nayo iachwe wiki 2 kabla ya kupima, kwa ushauri wa daktari, kwani hupunguza bakteria kwa muda na majibu yanaweza kusema hawapo wakati wapo.