Maji mafu na mti wa mbele: kuhusu daftari za Malinowski na daftari langu

Kwenye daftari langu la kwanza kabisa la utafiti kuna mstari mmoja unanisumbua mpaka leo. Nimeandika tarehe, nimeandika "ufukweni, jioni", afu nikaandika alichosema mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu: "Leo maji mafu." Mbele yake nikaweka maana, kwamba ni siku ambazo maji hayajai sana wala hayatoki sana, kinyume cha bamvua. Chini nikaongeza neno moja, "wamecheka". Basi, hakuna kingine.

Mtu wa pwani anajua maji mafu hayachekeshi. Mwamba haukauki vizuri, kina mama wanaochokoa pweza wanarudi na vikapu vyepesi, siku zinakuwa ngumu kidogo. Sasa miaka kadhaa baadaye nikawa napanga data zangu kwenye laptopu, nikaangalia ile tarehe na kalenda ya mwezi, nikakuta siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Yaani ilikuwa bamvua tupu! Yule mzee hakuwa anasema maji hata kidogo, alikuwa anasema mtu au jambo, wenzake wote pale wakaelewa wakacheka, na mimi niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na kalamu mkononi nikaandika tafsiri ya kamusi.

Mimi fani yangu ni anthropolojia ya lugha, na mtu aliyenifanya nilione hilo kosa vizuri ni Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi na watu wa visiwa vya Pasifiki miaka ya vita ya kwanza ya dunia. Wengi wanamjua kwa Kula (si kula chakula, ni jina la kule visiwani), ile safari ya kubadilishana mikufu na bangili baharini, ila mimi napenda zaidi alivyohangaika na maneno, na hayo mahangaiko unayaona kwenye namna alivyokuwa anaandika notisi zake.

Kwa ufupi tu, maana historia yake ni ndefu. Kazaliwa Kraków, mji ambao leo uko Poland, mwaka 1884, akasomea London, na mwaka 1914 alikuwa Australia vita ilipolipuka. Kwa karatasi zake alikuwa raia wa Austria, yaani mtu wa upande wa adui, lakini wakamruhusu aendelee na utafiti Papua. Ndo akafika visiwa vya Trobriand, kisiwa cha Kiriwina, leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Alikaa huko mara mbili, 1915 mpaka 1916, kisha 1917 mpaka 1918, hema lake kalipiga kijiji cha Omarakana karibu kabisa na nyumba ya chifu To'uluwa. Makaratasi yake sasa yamegawanyika, mengine yako London kwenye maktaba ya LSE, kile chuo cha uchumi na siasa alikokuwa anafundisha, mengine Chuo Kikuu cha Yale Marekani, kwa sababu vita ya pili ilimkuta yuko huko na akafia huko huko mwaka 1942.

Mwanzoni alikuwa anaongea na watu kwa pijini, ile lugha ya mchanganyiko ya wageni na wenyeji, afu akaona haifai, inampa vipande vipande tu. Akajifunza Kikiriwina. Hata hapo bado alikuwa anasikia jambo kwa Kikiriwina na kuliandika kwa Kiingereza, mpaka mwenyewe akagundua kwamba akitafsiri pale pale ile ladha yote inakwenda, zile ncha za maneno zinasagika. Taratibu akaanza kuandika maneno kama yalivyotoka mdomoni mwa watu, mwishowe akawa anaandika moja kwa moja kwa lugha yao. Kwa anayefanya kazi hii huo ni uamuzi mkubwa sana, maana unachelewa, unakosea, unaandika kitu ambacho hata wewe hujakielewa bado, lakini angalau umekihifadhi kikiwa kizima.

Sasa tuje kwenye mfano wake maarufu, alioutoa mwaka 1923. Watu wamekaa wanapiga stori za safari ya baharini, mmoja akasema:

Tasakaulo kaymatana yakida; tawoulo ovanu; tasivila tagine soda; isakaulo ka'u'uya oluvieki similaveta Pilolu.

Ukibadilisha neno kwa neno unapata hivi: tunakimbia mti-wa-mbele sisi wenyewe, tunapiga kafi mahali, tunageuka tunaona mwenzetu, anakimbia mti-wa-nyuma nyuma ya mkono-wao-wa-bahari Pilolu.

Umeelewa nini? Hakuna. Kila neno unalo na maana huna. Mti gani unakimbia? Malinowski anasema hata anayeijua lugha yao, asipoijua hali yenyewe, asingeambulia kitu. Kumbe mti wa mbele ni mtumbwi unaoongoza, na mti wa nyuma ni uliobaki nyuma. Pilolu ni ile sehemu ya bahari wanayoivuka wakitoka Trobriand kwenda visiwa vya kusini. Kinachonigusa mimi hasa ni "tunapiga kafi", kwa sababu hawa watu safari yenyewe wanakwenda na tanga, kafi wanaishika wakishafika maji madogo karibu na kijiji wanachokwenda, tanga limeshashushwa. Kwa hiyo neno la kupiga kafi hapo halielezi mikono inafanya nini, linasema tumeshafika! Sisi tunagusa nchi kavu, tunageuka nyuma, mwenzetu bado yuko huko Pilolu anahangaika. Sentensi nzima ni tambo. Ni majigambo ya watu walioshindana baharini wakashinda, na kamusi haiwezi kukupa tambo.

Mtu aliyekulia pwani hapo hahitaji kusukumwa sana. Sisi wenyewe tunasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini ndani yanakojikusanya maji, na aliyekwambia msemo huo anakuonya urudi kwenu, ujue asili yako. Mpe mgeni maana ya tezi, ya omo na ya ngama, zote tatu sahihi kabisa, uone kama atajua kuwa ameonywa.

Hicho ndo Malinowski alikiita muktadha wa hali, kwamba maana ya usemi haiko ndani ya maneno kama maji ndani ya kata, iko kwenye nani anamwambia nani, wapi, wakiwa wanafanya kazi gani, na nini kimetokea kabla. J. R. Firth, mwanaisimu wa London, aliichukua hiyo akaijengea nadharia yake yote ya maana, na mpaka leo wanafunzi wetu wa isimu wanaikariri kwenye mitihani, mara nyingi bila kuambiwa kwamba ilitoka kwa watu waliokuwa wanajisifia mitumbwi.

Kuna kitu kingine kwenye Kikiriwina nakipenda kwa sababu ya ngeli zetu. Mwaka 1920 Malinowski alichapisha makala juu ya viambishi ambavyo vinashikana na namba. Mwanamume mmoja ni taytala tau, mwanamke mmoja ni natala vivila, mtumbwi mmoja ni kaytala waga. Ile -tala ni "moja", na kinachotangulia kinakwambia ni moja ya aina gani: tay- kwa wanaume, na- kwa wanawake na pia wanyama, kay- kwa vitu vya mti. Kwetu nomino yenyewe imebeba ngeli yake, mtu, kitu, kwao nomino iko huru na alama inakaa kwenye hesabu. Sasa mtu akisema tu "kaytala" bila kutaja nomino, unajua ni kitu cha mti, ila ni mtumbwi au ni mti uliosimama? Lazima uangalie anakoangalia. Nenda asubuhi kwa mama anayekaanga, simama pembeni usikilize wateja. "Mama shikamoo, nipe mawili." "Mimi viwili, na chai." Hakuna aliyetaja mandazi wala vitumbua na hakuna aliyepewa kisicho chake. Ukirekodi sauti peke yake bila kuandika kwamba kulikuwa na beseni mbili mezani, umerekodi namba.

(Kwenye Kula bangili za konokono zinaitwa mwali na mikufu inaitwa soulava. Mara ya kwanza kusoma neno mwali pale nilisimama kabisa, maana kwetu mwali ni binti aliyewekwa ndani anafundwa. Herufi zile zile, hazina undugu wowote.)

Sasa tuje kwenye salamu. Kwenye maandishi yale yale ya 1923 alizungumzia maongezi ambayo watu hawapeani taarifa yoyote, wanakaa tu pamoja kwa kutumia maneno. Aliyapa jina ambalo kwa Kiswahili wanaisimu wanaliita mawasiliano ya kifatiki. Alikuwa anasema mtu mgeni akikaa kimya mbele yako unaingiwa na wasiwasi, na maneno ya kwanza kazi yake ni kuuvunja ule ukimya, si kuleta habari. Mswahili angeweza kumfundisha hilo kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Salama. Watoto hawajambo? Hawajambo, tunashukuru. Halafu baada ya hapo ndo unaambiwa mama kalazwa tangu juzi hali si nzuri. Mgeni anaona huyu mtu kadanganya mara tatu. Hajadanganya! "Nzuri" ya kwanza inasema nimekuona, nimekupokea, tuko vizuri mimi na wewe, na ukishajengewa hapo pa kukaa ndo unaweza kupewa msiba. Wakiriwina nao wakikutana njiani wanaulizana unaenda wapi, kama sisi na "ndo wapi hivo?", ambalo jibu lake ni "hapo mbele tu" na wote mmeridhika.

Ila hapa sikubaliani naye kwa jambo moja. Maongezi haya ukisema hayabebi taarifa umeyapunguza. Mimi nikisikia "shikamoo" na "marahaba" nimeshajua nani mkubwa, na ile marahaba ikitoka kavu, au ikichelewa nusu sekunde, kuna kitu nyumba ile, na watu wote waliopo wamekisikia. Taarifa ipo nyingi tu, imekaa kwenye namna.

Lazima niseme na hili kwa sababu linauma. Maandishi yale ya 1923 aliyapa jina lenye kuwaita Wakiriwina watu wenye lugha za kishenzi, akadai lugha yao ni ya vitendo wakati lugha ya wasomi wa Ulaya ni ya fikra. Mwaka 1935, kwenye kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili kuhusu kilimo cha viazi vikuu na uganga wake, akarudi nyuma akaandika waziwazi kwamba pale alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa. Lugha zote zimesimama kwenye vitendo, na ya maabara pia. Namheshimu kwa hilo, ingawa shajara yake ya siri, iliyotolewa 1967 baada ya yeye kufa, inaonyesha kwamba yule yule aliyekuwa anaandika maneno ya watu kwa uangalifu vile, usiku alikuwa anawaandika wenyewe kwa dharau. Vyote viwili vimetoka kwenye mkono mmoja na sioni sababu ya kuficha kimojawapo.

Juzuu ya pili ya kazi hiyo ya 1935 ndo natamani kila mwanafunzi aishike. Anaweka maneno ya Kikiriwina, chini yake neno kwa neno, kisha tafsiri inayosomeka, kisha maelezo marefu ya nani na lini. Neno la shamba tu limemtoa jasho: buyagu ni eneo lililosafishwa kwa kilimo, bagula ni shamba likiwa linalimwa, baleko ni kipande cha mtu mmoja. Na taytu, kile kiazi kikuu chao, ni mmea, ni kiazi chenyewe, na pia ni mwaka. Mtu anaposema mpunga, mchele, wali, ukoko, chenga, pumba, haoni ajabu yoyote, mpaka aone mgeni anayeviita vyote kwa jina moja. Haya maneno hayapangiki kwenye orodha, yanapangika kwenye kazi: kupanda, kuvuna, kutwanga, kupepeta, kupika, kukwangua sufuria.

Huku kwetu alifika pia, safari ya 1934, mpaka kwa Wachaga. Na darasani kwake LSE alikaa Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake cha 1938 juu ya Wagikuyu utangulizi wake aliuandika Malinowski. Kwa hiyo daftari za Kiriwina kidogo ziligusa na namna ambavyo Mwafrika wa Mashariki alianza kuandika habari za watu wake mwenyewe kwa fani hii.

Baada ya kusoma yote hayo nilirudi kile kijiji. Yule mzee alikuwa ameshafariki. Nikamtafuta binti yake, nikamkuta anaanika dagaa, tukasalimiana kama inavyotakiwa, za siku nyingi, za safari, watoto hawajambo, afu nikamsomea ule mstari. Akacheka kwanza, alimsikia baba yake kabisa kwenye yale maneno. Akasema baba alikuwa analitumia hilo kwa watu, tena wengi, kila mmoja kwa sababu yake. Kisha akaniuliza, "Siku hiyo kaka, alikuwa anapita nani?"

Nikafungua tena ule ukurasa mbele yake, tukaangalia wote wawili. Tarehe ipo. Ufukweni, jioni. Wamecheka.