Weusi wa tende si kipimo cha utamu

Wengi huamini kuwa tende kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozidi utamu. Lakini rangi hutegemea zaidi aina ya mtende, kuiva na uhifadhi: tende ya kahawia hafifu ikikaa kwenye joto huwa nyeusi bila kuongezeka sukari. Aina ya tende iitwayo Deglet Noor, yenye rangi ya asali, ina sukrosi nyingi, yaani sukari kama ile ya mezani. Aina nyingine, Medjool, nyeusi na laini zaidi, sukari yake karibu yote ni glukosi na fruktosi, sukari sahili zinazounda sukrosi. Katika zote mbili, sukari huzidi nusu ya uzito.

Linganisha sukari kwenye lebo kwa gramu 100, uone pia kama imeongezwa sharubati. Kisha ipasue tende. Vidoa vyeupe vigumu chini ya ganda mara nyingi ni sukari iliyoganda, huyeyuka kwenye maji ya vuguvugu. Ukungu wenye manyoya hauyeyuki, tende hiyo itupe.