Je, wajua kwa nini pikipiki huvuta upande hata alama za cheni zikilingana?

Pikipiki imetoka kuzibwa pancha ya nyuma. Upepo upo wa kutosha, alama za ajasta, vile vikazio vya cheni vya kulia na kushoto, ziko sawasawa, na bado barabara ikinyooka dereva analazimika kuegemea upande ili isimtoke. Kijiweni utaambiwa tairi limeisha au fremu imepinda. Mara nyingi ni jambo dogo zaidi: ekseli, chuma kinachopita katikati ya tairi la nyuma, imekaa mshazari, na alama hazikuonyesha.

Alama hizo hugongwa kiwandani kwenye swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, na kwenye pikipiki za kazi si za kuaminiwa hadi milimita ya mwisho. Isitoshe, bati la ajasta hupinda, njia ya ekseli hulika, na pikipiki inayobeba abiria wa mishikaki kila siku huchoka sehemu hizo mapema. Kosa la mm 1 jicho halilioni pale. Sasa piga hesabu: ncha za ekseli zimeachana kama sm 20, na tairi la mbele liko kama mita 1.25 kutoka la nyuma. Ile mm 1 ikifika mbele imeshakuwa zaidi ya mm 6. Ndiyo maana pikipiki inavuta, na ndiyo maana uzi mrefu hulikamata kosa ambalo alama zimelificha.

Kabla ya uzi, ondoa washukiwa wengine. Weka stendi kubwa, shikilia bisibisi kwenye swingamu ncha yake ikikaribia rimu, kisha zungusha tairi. Rimu ikiyumba kupita mm 2, tatizo ni rimu au spoku. Tengeneza hilo kwanza. Halafu shika tairi kwa nyuma, litikise kulia na kushoto. Likicheza huku swingamu imetulia, beringi zimekwisha. Swingamu nayo ikicheza, ni bushi zake, zile bomba ndogo inazochezea kwenye boliti yake, na kupanga ekseli juu ya bushi zilizokufa ni kazi bure, kwa sababu cheni itaivuta tena ukivuta mafuta tu.

Kwa kipimo chenyewe, uzi wa fundi mwashi wa mita 5 unatosha. Shusha stendi, mtu mmoja aishike pikipiki wima. Katikati ya uzi ipite nyuma ya tairi la nyuma, ncha mbili zije mbele, kila moja upande wake, chini ya ekzosi na stendi iliyokunjwa. Uzi usiguse kitu kingine chochote. Funga kila ncha kwenye jiwe au tofali mbele ya tairi la mbele, kisha sogeza tofali ndani taratibu mpaka uzi uguse tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Ukikunjika pale umezidisha. Hapa ndipo wengi huharibu, maana uzi ukizidishwa upande mmoja tu, kipimo chote kinadanganya.

Nyoosha usukani mpaka tairi la mbele liwe sambamba na nyuzi, kisha pima nafasi kati ya uzi na tairi hilo kila upande. Pikipiki yenye tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma (namba ya kwanza ni upana kwa inchi), saizi za kawaida za bodaboda, matairi yake hutofautiana upana kwa mm 6 hivi, kwa hiyo tegemea mm 3 kila upande. Tairi zikiwa za kampuni tofauti namba itabadilika kidogo. La msingi ni kulia na kushoto kulingana.

Hazikulingana? Upande wenye nafasi kubwa ndio ambao ncha ya ekseli imerudi nyuma mno. Ukikuta kulia kuna mm 9 na kushoto uzi unalisukuma tairi, ncha ya kulia imezidi kwa kama mm 1. Legeza nati ya ekseli. Cheni ikiwa imebana, legeza ajasta ya kulia na usukume tairi mbele kwa mguu, maana halirudi lenyewe. Cheni ikiwa legevu, kaza ya kushoto. Skrubu ya mm 6 husogeza mm 1 kwa mzunguko mmoja, ya mm 8 husogeza mm 1.25, zungusha robo, pima tena. Ulegevu wa cheni upimwe pale inapobana zaidi, kwani cheni iliyotumika haibani sawa mzunguko mzima.

Kuna hali nyingine inayochanganya mafundi. Pima kwa tepu kutoka katikati ya boliti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Vipimo vikilingana na uzi bado unakataa, tairi halijakaa mshazari, limehama lote kwenda upande. Chuchumaa nyuma, piga jicho kufuata cheni. Ikiwa inapinda inapoingia kwenye sproketi, lile gurudumu la meno, na meno yamelika ubavu mmoja, shuku spesa, vile vibomba vya kwenye ekseli vinavyoliweka tairi mahali pake, zilizobadilishana nafasi wakati wa pancha: habu, yaani kitovu cha tairi, na sproketi vimehama pamoja. Cheni ikiwa imenyooka, spoku ndizo zimeivuta rimu. Vyote vikiwa sawa, hapo ndipo useme swingamu au fremu imepinda.

Ekseli ikishakaa vizuri, usiikaze hivi hivi, maana nati huivuta ikigeuka. Ingiza mpini wa bisibisi kati ya cheni na sproketi ya nyuma, rudisha tairi nyuma mpaka cheni ikaze. Ekseli itabanwa mbele kwenye ajasta zote mbili. Mtu akanyage breki ili shuu zikae katikati ya drami, ndipo ukaze nati. Toa bisibisi, pima uzi mara ya mwisho, weka pini mpya ya nati. Kama ekseli ilirudi nyuma, fimbo ya breki nayo imevutika: legeza nati yake mpaka tairi lizunguke bila kukwaruza.