Je, wajua kwa nini duka lililokufa zamani huzidi kukua kichwani?

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu habari za duka moja la Dodoma mjini ambalo halipo tena. Lilikuwa duka la kampuni ya biashara ya mkoa, RTC kama kila mtu alivyoliita. Katika simulizi yangu rafu zake zinagusa dari, majora ya vitambaa yamepangwa rangi kwa rangi, feni mbili zinazunguka juu, na kaunta ni ndefu hadi muuzaji wa mwisho anaonekana mdogo kule mbali. Nilikuwa na miaka sita au saba, yaani 1983 au 1984. Niliiamini picha hiyo kwa sababu moja tu: nimeikumbuka mara nyingi mno. Niliona kwamba jambo unalolirudia kila mwaka haliwezi kukupotea wala kubadilika. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe liko palepale kwenye kurudia.

Mwaka jana nilipita pale na dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita. Jengo bado limesimama. Upande mmoja wanauza simu, upande wa pili yuko wakala wa pesa. Nyuma ya wakala kimebaki kipande cha kaunta ya zamani, na ukingoni mwake bado umegongelewa utepe wa shaba wa kupimia vitambaa. Katikati umelainika kwa kusuguliwa na khanga na vitenge vya miaka ile, na msumari mmoja umeng'oka ukaacha tundu jeusi. Ninavyokumbuka, utepe ule ulikuwa usawa wa macho yangu. Sasa unanifika kiunoni. Chumba chote nilikipima kwa hatua: kumi na moja kwa saba.

"Feni zilikuwa upande gani, dada?"

"Feni gani, mdogo wangu? Hapa hapakuwa na feni. Na rafu zilikuwa tupu. Siku uliyokuja na mama khanga zilikuwa zimeletwa, ndiyo maana ulikuta watu wamejaa."

Udogo wa jengo hauhitaji maelezo marefu: mtoto hupima dunia kwa kimo chake. Kuhusu rafu, historia inamuunga mkono dada. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya nje na kuunda shirika moja la taifa, STC. Mwaka 1973 kazi zake zikagawanywa na kila mkoa ukapata kampuni yake, ndizo hizo RTC. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zikawa haba, na bidhaa zikaadimika. Mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja operesheni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka 1984 milango ya uagizaji ikaanza kulegezwa, mwaka 1985 Mzee Mwinyi akashika nchi, na maduka ya watu binafsi yakajaa vitu. Duka letu halikuweza kushindana nayo. Kwa hiyo kumbukumbu yangu ya rafu zilizofurika inaangukia miaka ileile ya foleni za sukari na sabuni ya mche.

Sasa zile feni na majora vilitoka wapi?

Wengi wetu tunaizungumzia kumbukumbu kana kwamba ni picha iliyo ndani ya albamu. Inaweza kufifia, tunakubali, au ikapotea kabisa. Lakini hatutegemei mtu aliyekuwa amekaa kwenye picha aonekane amesimama, au picha ya 1983 iwe na kitu kilichonunuliwa 1995. Ndiyo maana mtu akituambia "haikuwa hivyo" tunahisi ametuita waongo. Hiyo albamu haipo. Ubongo hauna chumba ambamo duka lile limehifadhiwa likiwa zima. Ulicho nacho ni vipande: harufu mahali pamoja, umbo mahali pengine, woga au furaha mahali pengine tena. Kila unapokumbuka, vipande hivyo hukusanywa na kujengwa upya, na panapobaki pengo hujazwa kwa kile unachojua kuhusu maduka kwa ujumla.

Mfano unaonisaidia zaidi ni wa hukuhuku kwetu, ni tembe la Wagogo. Tembe lina nguzo na fito, ukuta wa kukandikwa kwa udongo, na paa bapa lililofunikwa udongo pia. Mvua zikipita, udongo huwa umemomonyoka. Mwenye nyumba anachimba mwingine, anaukanda, anakandika tena. Hatumii udongo wa mwaka wa kwanza, kwa sababu huo ulishaenda na maji. Anachukua uliopo karibu, wenye rangi ya mwaka huo, pengine umechanganyika na majani ya jana. Baada ya misimu ishirini ya mvua, nyumba ni ileile na familia inaiita nyumba ya babu, lakini udongo ambao babu aliugusa ni mchache sana. Na tembe lisilokandikwa halibaki vilevile kama alivyoliacha babu. Linaanguka.

Kumbukumbu iko hivyo. Nguzo zangu zilikuwa chache na za kweli: utepe wa shaba, mkono wa mama, harufu ya kitambaa kipya ambacho bado kina wanga. Udongo niliutia baadaye. Feni mbili, nimekuja kutambua, ni za duka la vitambaa la Uhindini nililokuwa nikienda nikiwa sekondari. Niliposimulia habari za RTC miaka ile, nilikandika kwa udongo uliokuwa karibu, na ukuta ukakauka nao.

Wanasayansi wameuona ukandikaji huo kwa karibu. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, wakiwa New York, waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani. Baadaye waliwasikilizisha mlio huo ili woga urudi akilini, kisha wakaingiza kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Kesho yake woga ulikuwa umepungua sana. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa mlio waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake ni kwamba kumbukumbu iliyokwisha kukauka hulainika tena inapoamshwa, na huhitaji protini mpya ili ikauke upya. Katika kipindi hicho cha ulaini, inaweza kuguswa.

Hapa lazima niende taratibu. Woga wa panya kwa mlio mmoja si sawa na kumbukumbu ya mtoto aliyekwenda dukani na mama yake. Majaribio ya aina hii kwa binadamu yametoa majibu yanayopingana, na hata kwa panya kumbukumbu nzee au yenye nguvu sana hailainiki kirahisi. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba feni zangu ziliingia kwa njia hiyohiyo ya protini.

Ila kwamba kitu kigeni kinaweza kuingia, ushahidi upo, na kwa namna ya ajabu unahusu maduka. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, huko Marekani, waliwapa watu 24 visa vinne vya utotoni mwao. Vitatu vilikuwa vya kweli, vilivyotolewa na ndugu zao. Cha nne kilikuwa cha kubuni: kwamba walipokuwa na miaka kama mitano walipotea kwenye jengo kubwa la maduka, wakalia, mtu mzima akawasaidia. Karibu robo yao waliishia kukikumbuka, chote au sehemu yake. Waliokosoa walisema watu 24 ni wachache, na kwamba kupotea dukani ni jambo la kawaida kwa watoto, huenda wengine walikumbuka tukio la kweli. Ni hoja nzito. Mwaka 2023 watafiti wa Ireland walirudia jaribio hilo kwa watu 123, na walioshika kumbukumbu hiyo ya kubuni walifika asilimia 35.

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini udongo tunaoutia huwa mtamu. Kwa watu wengi hisia mbaya za tukio hufifia upesi kuliko hisia njema. Kwa waliolemewa na huzuni ya muda mrefu tofauti hiyo hupungua, kwa hiyo si kanuni ya kila mtu. Mimi uchungu wa foleni umenitoka kabisa. Ninajua tulisimama tangu alfajiri kwa sababu dada ameniambia. Miguu yangu haikumbuki.

Yeye ana mambo yake. Aliweka kidole kwenye tundu la msumari pale kaunta akasema kwamba siku ile khanga ziliisha watu watatu kabla ya mama, na mama akarudi nyumbani na kiberiti na ndala za mtoto mmoja, basi. Mimi nilikuwa na hakika tulirudi na khanga.

Hiyo ni mwaka jana. Tangu wakati huo, nikilifikiria duka lile, feni hazipo tena, ingawa rafu bado ni ndefu kidogo. Na dada yangu sasa yumo ndani, amesimama kando ya kaunta na kikapu cha ukindu, kidole kwenye shaba. Kabla ya siku tuliyopita pale, hakuwahi kuwamo.