Mlezi wa daktari si mtu wa kukusainia daftari

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku hizi kila mkubwa mwenye koti jeupe ni "mlezi". Mwanafunzi wa udaktari akimaliza staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, aliyemsainia daftari anaitwa mlezi wake. Mwingine akipata nafasi hospitalini kwa kuwa ndugu yake anajuana na mkurugenzi, watu wanasema ana mlezi mzuri. Hata wanaofundisha wanasema hivyo, na hapo ndipo linaponiuma.

Mlezi wa kitaaluma ni daktari mwenye uzoefu anayemfuatilia mdogo wake kwa miaka, akijali atakuwa daktari wa namna gani, hata pale ambapo yeye mwenyewe hana cha kupata.

Msimamizi wa staji ni mwingine. Amepangiwa wanafunzi, anawafundisha, anawapa pointi, na staji ikiisha wanaagana. Ni kazi ya heshima na hakuna hospitali ya kufundishia inayoweza kwenda bila yeye. Halafu kuna yule ambaye mitaani tunasema "ana mtu pale": huyo anakufungulia mlango, lakini hajui hata unavyoshika sindano.

Tuchukue mzunguko wa asubuhi wodini. Mwanafunzi anasoma faili ya mtoto mwenye homa aliyeanzishiwa seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria. Msimamizi anauliza dozi, dozi ni sahihi, wanasogea kitanda cha pili. Mlezi anamngoja kwenye korido: "Docta, kwa nini umechagua dawa hii? Na mama yake akikosa pesa ya sindano ya siku ya tatu, utafanya nini?" Swali hilo halina pointi kwenye daftari. Ila mwanafunzi huyo, akishakuwa daktari wa jumla peke yake Shabunda au kisiwani Idjwi, usiku, mbele ya mama anayehitaji kupasuliwa ili mtoto atoke na bingwa hayuko karibu, anajua namba ya kupiga. Na anayepigiwa anapokea.

Madaktari wenyewe wamelifikiria jambo hili tangu zamani. Kiapo cha Hippocrates, kiapo cha kale cha madaktari, kinamtaka mwanafunzi amheshimu mwalimu wake kama mzazi. Azimio la Geneva la 1948, la Chama cha Madaktari Duniani, lilidai heshima na shukrani kwa walimu tu. Iliwachukua hadi 2017 kuongeza wenzako na wanafunzi wako kwenye sentensi hiyo. Kwangu nyongeza hiyo ni kubwa, maana katika ulezi mzigo wa kwanza uko kwa mkubwa. Asiyewajibika kwa mdogo wake anaweza kuwa mwalimu hodari, bosi hodari pia, ila hajalea.

Je, ulezi unabadilisha kazi ya daktari? Mwaka 2006 Sambunjak na wenzake walichapisha katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, mapitio ya tafiti zilizokuwepo. Wanafunzi wa udaktari wenye mlezi walikuwa chini ya nusu, na katika baadhi ya fani walimu wa vyuo wenye mlezi hawakufika asilimia 20. Waliokuwa naye walisema amewasaidia kuchagua fani, kukua wao wenyewe na kuchapisha tafiti. Wanawake walisema wanapata shida zaidi kuliko wanaume kumpata mlezi, na nadhani dada zetu wa hapa hawatashangaa. Tafiti nyingi kati ya hizo ziliuliza watu maoni yao kwa dodoso, kwa hiyo tusizibebeshe uthibitisho zisizoweza kuubeba. Tena si kila njia huonyeshwa na mlezi: Denis Mukwege, daktari wa wanawake wa hapa Bukavu, alitaka kuwa daktari wa watoto, na ni akina mama aliowaona wakiteseka kwa uzazi kule hospitali ya Lemera waliomgeuza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, aliyekusainia daftari mwite msimamizi, na umshukuru. Aliyekutafutia nafasi, sema amekutafutia nafasi, hakuna aibu. Ila kabla ya kumwita mtu mlezi, angalia kama amewahi kukuuliza swali lililokukosesha usingizi, na kama bado anakuuliza baada ya staji kwisha.