Fao la kukosa ajira si kiinua mgongo, na kuacha si kuachishwa

"Nimeacha kazi, nasubiri NSSF wanipe kiinua mgongo." Masika ikiingia, magari ya watalii yakipaki na hoteli zikianza kupunguza watu, kauli hii utaisikia kila kijiwe cha kahawa, Usa River hadi Moshi mjini. Ina makosa mawili. La kwanza, kuliita fao la kukosa ajira kiinua mgongo, linavumilika.

Fao la kukosa ajira ni malipo ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa mwanachama aliyepoteza kazi bila kupenda: NSSF kwa sekta binafsi, PSSSF kwa watumishi wa umma. Ukiwa umechangia angalau miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Aliyekuwa analipwa 600,000 anapata kama 200,000. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupewa nusu ya michango yake kwa mkupuo. Unajaza fomu ya madai, unaambatanisha kitambulisho, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Hiyo barua tutairudia.

Kiinua mgongo anakulipa mwajiri, si mfuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi mshahara wa msingi wa siku zisizopungua saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana chake hapo. Nakubali mkanganyiko una sababu, maana hata mkupuo wa mstaafu watu wanauita kiinua mgongo. Wakubwa zetu nao bado wanazungumzia "kujitoa", yaani kubeba michango yote na kuondoka, wakati fao hilo liliondolewa na sheria ya 2018, na hili la kukosa ajira ndilo lililokuja mahali pake.

Sasa kosa la pili, linaloniudhi hasa. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana fao la kukosa ajira. Sheria haikuundwa kwa ajili yake. Lakini huku kwetu mtu aliyepunguzwa, aliyeambiwa "kazi hakuna mpaka Juni", atakwambia ameacha. Labda ni aibu, labda ni mazoea ya ulimi. Kijiweni haina madhara. Ikiandikwa kwenye karatasi, imekula kwako.

Na inaandikwa. Mwajiri anamwita mpishi wa kambi ofisini, anamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Mimi niliyetajwa hapo juu naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia." Chini kuna nafasi ya sahihi. Anaambiwa, saini hapa uchukue mshahara wako wa mwezi leo leo, tusisumbuane. Mpishi ana kodi ya chumba, anasaini. Kwa sahihi hiyo mwajiri anajitoa kwenye kiinua mgongo na kwenye maswali ya kwa nini amempunguza. Mpishi akifika dirishani kwa mfuko, karatasi aliyoshika inasema aliondoka mwenyewe. Karani hana cha kumsaidia, anasoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kazi imekukataa wewe, si wewe uliyeikataa, sema umeachishwa, na dai barua inayosema hivyo pamoja na sababu: kupunguzwa, kampuni kufungwa, chochote kilichotokea. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni haki yako hata usiposaini barua ya kuacha. Na kama umeshasaini kwa kushurutishwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Sheria inatambua pia kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike mpaka mtu akaandika barua mwenyewe, na huko nako kunahesabika kuwa ni kuachishwa. Siku hizo 30 zikipita itabidi kwanza uombe kusikilizwa nje ya muda, na utaulizwa ulikuwa wapi. Hata ukishindwa, michango yako haijapotea, inabaki kwenye mfuko kwa ajili ya pensheni. Ulichokikosa ni ile laki mbili ya kila mwezi.