Goti likiingia ndani, usikimbilie kulaumu makalio

Dhana: Magoti yakielekea ndani mteja wa mazoezi anapochuchumaa kwenye kipimo cha mwendo, misuli ya makalio ni dhaifu.

Ukweli: Huenda chanzo kiko chini zaidi, kwenye kifundo cha mguu kilichokaza. Mteja avue viatu, asimame miguu ikiwa na upana wa mabega, ainue mikono juu na kuchuchumaa mara tano ukimtazama kwa mbele, kisha mara tano ukiwa ubavuni. Sasa weka ubao wa sentimita 2 hadi 5 chini ya visigino, arudie. Magoti yakitulia, shughulikia kifundo. Yakiendelea kuingia ndani, chunguza nguvu na udhibiti wa nyonga.

Kifundo chenyewe kipime ukutani: kisigino kikiwa sakafuni, goti liguse ukuta, huku mguu ukirudishwa nyuma kidogo kidogo hadi goti lifike kwa shida. Pima kutoka ncha ya kidole gumba cha mguu hadi ukutani, kisha linganisha kulia na kushoto. Bila hatua hii, mteja anaweza kufanyishwa mazoezi ya makalio wiki nzima, na goti likabaki vilevile.

Dhana: Kumrekebisha mteja katikati ya kipimo ni kumsaidia.

Ukweli: Ukishasema "sukuma magoti nje", umeanza kufundisha na kipimo kimeharibika. Mwonyeshe mara moja, nyamaza, andika. Maelekezo yaje katika raundi ya pili. Kasoro ikitoweka kwa neno moja tu, mwili una uwezo ila haujazoea.

Dhana: Anayesimama tuli kwa mguu mmoja ana uthabiti wa kutosha.

Ukweli: Watu wengi huyumba wanaposogea. Ongeza kufikisha mguu wa pili mbele na nyuma, au kushuka ngazi fupi polepole. Kwa wazee, anza na mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Wasipofikisha sekunde 10, hatari ya kuanguka ni kubwa zaidi. Simama karibu nao, tayari kuwadaka.

Dhana: Mteja akipata alama za juu kwenye vipimo vya mwendo, hataumia.

Ukweli: Functional Movement Screen, mfumo wa kupima mwendo wa mwili kwa alama, ina vipimo saba na jumla ya alama 21. Alama 14 zilipata umaarufu kama mpaka wa hatari, lakini tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba zinabashiri majeraha kwa uhakika.

Dhana: Maumivu kidogo wakati wa kipimo ni kawaida.

Ukweli: Hapana. Katika Functional Movement Screen maumivu hupewa sifuri, hata mwendo ukiwa mzuri kiasi gani. Simamisha zoezi hilo, andika linauma wapi na katika pembe ipi, umpeleke mteja kwa mtaalamu wa fiziotherapia.